Kimo cha Gari na Haja ya Mja

Injili ya Mathayo yauliza kama yupo mtu ambaye kwa kujisumbua kwake aweza kujizidishia kimo hata kwa dhiraa moja, na kwa karne nyingi waumini wamelijibu swali hilo kwa kunyamaza. Lakini viwanda vya magari, ambavyo havina desturi ya kunyamaza, vimegundua kwamba ikiwa kimo cha mtu hakiongezeki, kimo cha gari lake chaweza kuongezwa kwa upana wa kidole kimoja au viwili, na kwamba watu walio radhi kulipia vidole hivyo si haba.

Jambo lenyewe ni hili. Huchukuliwa gari dogo la familia, lile ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, baba akaenda nalo kazini na mama akaenda nalo sokoni. Springi zake huinuliwa kidogo, tairi zake huongezwa unene, ubavuni hubandikwa plastiki nyeusi inayofanana na deraya ya askari wa zamani, kisha hupewa jina jipya na bei mpya. Rover ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2003 kwa gari lake liitwalo 25, likatoka kwa jina la Streetwise, miaka miwili kabla ya kampuni yenyewe kuanguka; Dacia ya Romania yafanya hivyo kwa Sandero, ambayo ikiinuliwa huitwa Stepway; na Toyota ya Japani iliinua Aqua kwa milimita 20 mwaka 2014, na miaka mitatu baadaye ikaongeza zikawa 30. Chini ya jina jipya, aghalabu, injini ni ile ile, gia ni zile zile, na magurudumu yanayovuta ni yale mawili ya mbele.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, majina hayo si mashuhuri, ila jambo lenyewe limekwisha kuingia kwa mlango mwingine. Toyota IST, iliyojaa katika njia za Kagera kama ilivyojaa Tanzania nzima, ni ya ukoo huo: ilipotolewa Japani mwaka 2002 ilijengwa juu ya msingi wa Vitz, gari jingine dogo la Toyota, ikapewa kifua kirefu zaidi na magurudumu makubwa zaidi, ili mnunuzi wa Tokyo apate ladha ya gari la porini hali angali katika gari la mjini, na ya pili iliyoifuata mwaka 2007, ambayo madalali wetu huiita new model, iliuzwa Ulaya kwa jina la Urban Cruiser. Basi mwalimu wa Kayanga au mfanyabiashara wa Nkwenda anayesita baina ya Vitz na IST, akihesabu akiba yake na kuangalia tofauti ya bei, anasita mbele ya swali ambalo wanunuzi wa Paris na London husita mbele yake pia, isipokuwa kwamba swali hilo, ambalo kule ni la anasa tupu, huku lina matope ndani yake.

Nchi hii imeumbwa kwa migongo mirefu ya milima inayokwenda kaskazini na kusini, na baina ya mgongo na mgongo limo bonde, na katika bonde aghalabu kuna kinamasi au kijito kinachotafuta njia ya kuufikia mto Kagera, unaotutenga na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Njia ya lami itokayo Bukoba ikapita Kyaka na kufika Omurushaka na Kayanga haimdai msafiri kimo chochote kinachozidi kile cha Vitz, isipokuwa mbele ya matuta. Lakini aiachaye lami akashika njia za Mabira, Businde au Bugomora huingia katika mamlaka nyingine. Malori yanayobeba ndizi na kahawa huchimba kwa magurudumu yao mifereji miwili, na baina ya mifereji hiyo huacha tuta la udongo ambalo kiangazi hukausha likawa gumu, na gari fupi lipitapo hapo hulikwangua tuta kwa tumbo lake, mpaka siku moja jiwe lililojificha likaipasua sampu na oili yote ikamwagika njiani. Hapo milimita 30 si mzaha. Lakini mvua ya masika inaposhuka juu ya mteremko wa udongo mwekundu, kimo hakina msaada wowote: gari refu na gari fupi huteleza sawasawa, na linaloamua nani atafika na nani atalala mfereji wa pembeni ni meno ya tairi, utulivu wa dereva, na kujua wakati wa kusimama akangoja jua. Wauzaji hawalisemi hili, kwa sababu tairi nzuri haina jina la kupendeza.

Wanazuoni waliwahi kutengeneza mizani ifaayo kwa mambo kama haya, ingawa hawakuwa na habari ya magari. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyagawanya maslahi ya waja katika daraja tatu, na al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, akaufafanua mgawanyo huo kwa upana: ziko dharura, ambazo zikikosekana maisha huharibika, ziko haja, ambazo zikikosekana maisha huendelea kwa mashaka, na yako mapambo, ambayo humzidishia mtu uzuri na murua ila kukosekana kwake hakumdhuru. Hawakuyaharamisha mapambo, na hili husahauliwa na wale wanaodhani kwamba dini hufurahi kila mtu anapokosa; walichokikataa ni pambo kuivunja haja, na haja kuivunja dharura. Fauka ya hayo, mafakihi wanasema kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, ikiwapo ipo, ikiondoka huondoka nayo.

Kwa mizani hiyo, kimo cha gari ni kitu cha ajabu, kwani chaweza kuhama daraja bila ya gari lenyewe kubadilika. Lililoegeshwa mbele ya benki mjini Kayanga kimo chake ni pambo. Likifika Mabira wakati wa kiangazi ni haja. Na usiku linapombeba mzazi mwenye uchungu kuelekea hospitali ya Isingiro au ya Nyakahanga, kwa njia ambayo bodaboda haiwezi na gari la wagonjwa liko mbali, lile lililokuwa pambo asubuhi limekuwa dharura. Tena lami inaposogea, nayo imekuwa ikisogea tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012 ikawa wilaya, kimo hicho kinarudi nyuma daraja kwa daraja, na mtu aliyekinunua kwa haja ya kweli atajikuta siku moja, bila ya kutenda kosa lolote, ni mwenye pambo tu.

Hapa ndipo wahubiri hupenda kuingiza neno la riya, nami sina ubishi kwamba riya imo; mwenye gari la juu humtazama mwenye gari la chini kutoka juu kweli kweli, na moyo wa mwanadamu hauhitaji zaidi ya hapo kuanza kujidanganya. Lakini nchi ya Karagwe inao ushahidi wa kale juu ya fahari, na ushahidi huo wanifanya nisite kuhukumu haraka. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 alistaajabu kuwakuta wanawake wa ukoo wa kifalme wakinyweshwa maziwa bila kikomo hata wakashindwa kusimama kwa unene, akamwomba mmoja wao, shemeji wa mfalme, ruhusa ya kumpima, akaviandika vipimo vyake katika kitabu chake cha mwaka 1863. Msomaji wa leo huona aibu juu ya kipimo kile kuliko juu ya unene. Ile ilikuwa fahari, na iliwalemea wanawake waliobebeshwa. Walakini haikuwa uongo, kwa sababu nyuma ya unene yalikuwako maziwa, na nyuma ya maziwa walikuwako ng'ombe, waliojaa malisho ya Bweranyange. Alama ilikuwa na kitu chake. Plastiki nyeusi iliyobandikwa ubavuni mwa gari ambalo halikuongezewa hata milimita moja chini ya tumbo, na magari ya namna hiyo yapo, ni alama isiyo na kitu nyuma yake, nayo naiona mbaya kuliko fahari ya kweli. Fahari humdhulumu mwenyewe mfuko, na hii humdhulumu mfuko pamoja na akili.

Upande wa pili wako wenye kujivunia unyenyekevu, nao wastahili neno. Yuko anayesema kwamba gari fupi lamtosha kwa kuwa yeye si mtu wa makuu, kisha kila linapokwama juu ya tuta huwateremsha abiria wake walisukume, na mgonjwa aliyemo ndani hungoja. Zuhudi ya namna hiyo hulipiwa na wengine, na sijui ni dini gani inayompa thawabu mtu kwa taabu aliyowatwisha jirani zake.

Lililobaki ni fedha, na hapo naona kiini cha hukumu. Vitz yenye injini isiyozidi sentimita 1000 za ujazo hupona ushuru wa bidhaa unaotokana na ukubwa wa injini, na IST ya sentimita 1298 hutozwa asilimia 5, juu ya ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani na nyongeza ya uchakavu kwa gari lililozeeka. Kisha mafuta, kisha tairi pana, kila moja ikidai chake mwaka hata mwaka. Ikiwa tofauti hiyo yatoka katika akiba, mtu na anunue apendavyo, na mapambo ni halali yake. Lakini wilaya hizi zinaijua butura, kahawa kuuzwa ingali maua kwa bei ya mnunuzi mwenye haraka, na mkulima akaja kuvuna mali ya mwingine katika shamba lake mwenyewe. Aliyeuza maua ili apate milimita 30 amevunja dharura kwa ajili ya pambo, au kwa ajili ya haja ikiwa anakaa Bugomora na njia yake ni mbaya; na huyo ningemshauri anunue gari fupi na tairi nne nzuri, akibakiwa na kitu amlipe fundi wa kuaminika aweke bati la chuma chini ya sampu. Asiye na deni la namna hiyo, akakaa mbali na lami, ningemwambia anunue lile la juu bila ya haya, ila kwanza ainame akapime kwa rula chini ya tumbo la gari, asiridhike na maneno ya dalali.

Wako pia wanaopita njia ya tatu, wakamtuma fundi atie spesa juu ya shokapu na kuliinua gari fupi kwa bei ya chini. Kwa mwenye gari lake la nyumbani, anayekwenda polepole, sina la kumkataza. Lakini magari haya madogo ndiyo michomoko inayobeba abiria baina ya Omurushaka na vijiji, watu wakiwa wamepakatana na magunia yakiwa juu. Na gari lililoinuliwa kupita alivyokusudia mtengenezaji, likajazwa kupita idadi ya viti, uzito wake hupanda juu, na penye kona ya mteremko huwa jepesi kupinduka kuliko lilivyokuwa fupi. Abiria hakuulizwa kuhusu spesa, wala nauli yake haikupunguzwa kwa ajili ya hatari hiyo, naye ndiye mwenye haki ya kuulizwa kabla ya fundi kufungua boliti ya kwanza.