Mwiku na Kilicholazwa

Mwiku ni mabaki ya chakula cha usiku, hakuna aliyeupanga. Oti zilizolowekwa kwenye maziwa jioni ni jambo jingine: mtu amemfikiria mlaji kabla hajahisi njaa. Hapa Nsambya wengi hufungua kinywa kwa katogo, matoke yaliyopikwa sufuria moja na utumbo, na ili chakula hicho kiive mapema lazima mtu aamke alfajiri. Ni nani huyo? Katika nyumba nyingi ni mama, au binti wa kazi. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kulaza chakula ni uvivu. Watengenezaji wa obushera, kinywaji cha ulezi au mtama, hukiacha kichachuke siku kadhaa, na sijasikia wakiitwa wavivu. Kwa nini kazi inayoweza kufanywa na maziwa ilipiwe kwa usingizi wa mtu? Kuosha chupa, hata hivyo, bado amebaki nako yuleyule.