Deni na Haya

 

Wametujia darasani vijana wenye elimu ya kutengeneza programu za simu, wakatueleza kuwa wakusudia kuunda moja ya kuwasaidia watu wazungumze mambo ya pesa pasi na kuona tabu: mume na mkewe, ndugu na nduguye, rafiki na rafikiye. Wakatuuliza, “Je, jambo hili lafaa? Na likifaa, tulijengeje?” Tumeona jawabu tuliweke hapa, ili kila msomaji apate fungu lake.

Kwanza twasema: lafaa, tena lahitajiwa sana. Tazameni yatokeayo mazikoni kwetu. Husimama mtoto wa marehemu akatangaza kuwa mwenye kumdai baba yake na awaendee warithi. Watu hunyamaza kwa kuona haya. Baada ya siku nyingi huja mmoja akadai, hana hati wala shahidi. Pengine ana ujumbe wa M-Pesa. Lakini ujumbe ule wataja jina, kiasi na siku, hautaji kama pesa zile zilikuwa deni, zawadi au amana. Warithi wakimlipa, wachelea kuwadhulumu mayatima; wasipomlipa, wachelea kumwacha baba yao na deni shingoni. Na Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, asimsalie mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dhiki yote hii yatokana na neno moja ambalo watu wawili waliona haya kulisema walipokuwa hai.

Mtasema kuwa haya ni katika imani. Naam, lakini haya humzuia mtu na maovu. Limzuialo mtu na kutimiza haki si haya, ni udhaifu.

Pili, ramani ya programu hiyo imo katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Imeamrisha deni la muda liandikwe pamoja na muda wake, likiwa dogo au kubwa. Imetaka mwandishi mwadilifu na mashahidi. Biashara ya mkono kwa mkono haikuona ubaya isipoandikwa. Lakini liko jambo ambalo wengi hulipita: aambiwaye aandikishe ni nani? Si mdai, bali ni yule mwenye deni. Yeye ndiye atajaye kiasi, naye ameonywa asipunguze chochote.

Tazameni hekima hiyo! Mdai akitangulia kusema, huonekana ana dhana mbaya. Mdaiwa akitangulia, huonekana mwaminifu. Neno ni lile lile, ila kwa mmoja latia chuki na kwa mwengine latia mapenzi. Basi twawaambia vijana wetu: programu yenu na ianze kwa mdaiwa. Yeye aandike, “Wanidai shilingi elfu tano, nitakulipa mfunguo mosi,” na mdai aitikie. Muda ukikaribia, ukumbusho umwendee mdaiwa, ili mdai asilazimike kubisha mlango. Na pawe na mahali pa kusema, “Nimekwama, niongeze muda,” kwani aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yataka mwenye dhiki angojewe, na kumsamehe ni bora zaidi.

Tatu, jihadharini na mwendo wa wakopeshaji wa simu. Wako waliotoza riba, kisha wakawapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili wamfedheheshe. Mwaka 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya ziliwakataza wakopeshaji hao kuwafedhehesha wadaiwa namna hiyo; lakini sisi sheria yetu ilikwisha kukataza riba na kumvunjia mtu heshima yake. Basi programu yenu isiguse riba, isichukue majina yaliyomo simuni mwa mtu, wala siri isimfikie mtu wa tatu ila shahidi waliyemridhia wote wawili.

Nawe, ewe ndugu msomaji, usingojee programu. Kalamu na daftari zatosha. Usiku wa leo andika unachodaiwa na nani, kisha mwonyeshe mkeo au mwanao mkubwa. Kesho umwendee mdai wako kabla hajakujia. Utaona tabu kwa dakika moja, nao watoto wako watapumzika na ugomvi wa miaka.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kulipa haki za watu kabla ya kukutana Naye. Amin.