Usingizi wa Binamu Yangu ni Faranga Ngapi?

Nyumbani kwetu Ngagara maji huja usiku, yakiamua kuja. Ziwa Tanganyika, ambalo ndilo linaloinywesha Bujumbura, haliko mbali, lakini bomba la uani huweza kukauka siku tatu mfululizo. Likifunguka ni saa nane au saa tisa za usiku, na halimsubiri aliyelala. Lazima mtu akeshe. Kwetu mtu huyo ni mtoto wa mjomba, kijana wa miaka kumi na sita aliyetoka Ngozi kuja kusoma mjini. Hakuna aliyemteua. Mama huamka alfajiri kwenda sokoni. Mimi nasoma chuo kikuu, na inasemekana kichwa changu kinahitaji kupumzika. Basi ikawa yeye.

Tulipofundishwa michakato ya maamuzi ya Markov, mhadhiri alitutaka kila mmoja atafute mfano wa kwao. Mimi nikachagua bidoni za maji. Wazo la somo lenyewe halina ugumu. Kuna hali kadhaa; katika kila hali unachagua kitendo; kitendo kina gharama yake, na kinakupeleka kwenye hali nyingine kwa uwezekano unaotegemea pale ulipo na ulichochagua, bila kujali ulifikaje hapo. Sera ni kanuni inayokuambia ufanye nini katika kila hali. Kwa kipimo cha gharama ya wastani, sera bora ni ile ambayo ukiifuata bila mwisho, hakuna nyingine itakayokugharimu kidogo zaidi kwa siku. Ronald Howard, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alionyesha namna ya kuipata: anza na sera yoyote, ipime, irekebishe, mpaka isirekebishike tena. Mmoja wa mifano yake ni dereva wa teksi anayetafuta abiria. Nilifurahi kuona bidoni zetu zina ukoo na teksi ile.

Tuna bidoni nne, na tunatumia mbili kwa siku. Kwa hiyo jioni kuna hali mbili tu: ama zimebaki mbili, ama zote ni tupu. Nilichukulia kwamba uwezekano wa bomba kufunguka usiku wowote ni theluthi moja, na kwamba anayekesha hujaza zote nne. Asubuhi ikitukuta bila maji, tunanunua bidoni mbili kwa vijana wa baiskeli. Nikaweka faranga 900 kwa kila moja, jumla 1,800. Matokeo: tukikesha kila usiku, wastani ni faranga 800 kwa siku. Tukikesha pale tu bidoni zinapokuwa tupu, yaani mara tatu kwa kila nne, wastani ni 900. Tukilala wote, ni 1,800 kila siku. Sera bora, basi, ni kukesha kila usiku. Nilipata alama nzuri.

Binamu yangu aliikuta karatasi mezani. Akaisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Dada, mimi niko wapi hapa?”

Hakuwemo. Mahali pa gharama ya kukesha nilikuwa nimeandika sifuri.

Nikarudia hesabu, safari hii nikimwekea bei. Ikiwa usiku mmoja wa kukesha una thamani chini ya faranga 400, akeshe kila siku. Ikiwa ni kati ya 400 na 1,200, akeshe bidoni zikiwa tupu tu. Ikizidi 1,200, alale, nasi tununue maji. Hesabu inafika hapo na kusimama. Kiasi chenyewe inaniachia mimi. Mwenzangu mmoja darasani alisema jambo ni rahisi, muulizeni mwenyewe. Nilimuuliza. Akajibu, “Hakuna kitu, dada.” Angejibu nini, naye anakula mezani kwetu? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutaja alime mpaka lini.

Lakini kinachonisumbua zaidi ya bei ni wastani wenyewe. Mwaka huu ana mtihani wa taifa wa darasa la tisa. Wastani wa siku zisizo na mwisho hauusikii mwezi wa mtihani. Chukua gharama ya siku thelathini, hata iwe milioni, uigawe kwa siku zisizohesabika: unabaki na sifuri. Sera inayomkesha mwezi huo na sera inayomlaza, zikifanana baada ya hapo, zina wastani uleule. Wahisabati waliliona hili mapema. Mwaka 1962 David Blackwell alitafuta kipimo kikali zaidi cha kutenganisha sera ambazo wastani unaziona sawa, kwa kuchunguza kinachotokea pale kesho inapothaminiwa karibu sawa na leo. Zaidi ya hayo, mchoro wangu ulidhani kila hali hurudiwa. Bidoni iliyoisha hujaa tena. Mtoto akifeli akarudishwa Ngozi, hiyo ni hali ambayo mtu huingia na huenda asitoke, nami sikuichora popote.

Wala siwezi kuudharau wastani. Kati ya kukesha kila usiku na kulala wote kuna tofauti ya faranga 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Kwetu hiyo si pesa ya mchezo, na sehemu yake hununua madaftari ya huyo huyo binamu.

Nikaenda kwa Mama na hoja niliyoiona haina jibu: tukimlaza mwezi mmoja, wastani wetu wa milele haubadiliki hata kwa faranga moja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage. “Mwanangu,” akasema, “mimi sinunui maji ya milele. Nanunua ya kesho asubuhi.”

Alikuwa na haki, na hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Mwezi ambao wastani hauuoni, kuna mtu wa kuulipa.

Tulichokubaliana ni hiki. Mpaka mtihani upite, binamu analala. Bidoni zikibaki mbili, sote tunalala. Zikiwa tupu, nakesha mimi. Kwa jedwali langu tunapoteza faranga 100 kwa siku, mbali na bei ya usingizi wangu, ambayo bado sijaijua. Wiki ya kwanza nilidhani ni mia mbili. Alhamisi iliyopita, baada ya kusinzia kwenye somo la uwezekano mbele ya watu wote, nilikuwa tayari kusema elfu tatu, na kwa bei hiyo jedwali linataka tununue maji kila siku. Mama sijamwambia.