Fundo la Kamba

Bibi yangu hakuchota maji mfululizo. Kiangazi, mto ulipobaki mchanga mtupu, alifukua kwa mikono hadi akafikia unyevu, akashindilia kingo, kisha akakaa. Maji yalijikusanya taratibu. Aliteka kata tatu, nne, na yalipoanza kutibuka aliweka kata pembeni. Sisi wajukuu tulitaka kukomba. "Kiacheni kipumue," alituambia, kana kwamba kisima kina kifua. Jioni alikizungushia matawi ya miiba ili mifugo isiingie.

Neno lile nililielewa ukubwani, Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu na visima vinavyonywesha makao makuu ya nchi. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vinaonyesha kwamba mvua za kawaida, ambazo Dodoma ni kama milimita 600 tu kwa mwaka, hulowesha udongo wa juu, kisha jua huzirudisha angani. Kinachojaza maji ya chini ni miaka michache ya mvua kubwa, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, mito ya mchanga inapofurika na maji kuzama. Baada ya hapo kina hushuka mwaka baada ya mwaka, hadi mvua kubwa nyingine.

Kwa hiyo vitunguu vya leo huenda vinanyweshwa mvua iliyonyesha kabla anayevipalilia hajazaliwa. Akiba haiozi, walisema wahenga. Haiozi, lakini huisha. Waliopitia njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, hawakuhitaji kufundishwa kwa nini kihenge hufunguliwa kwa kipimo.

Mkulima mdogo ana watoto shuleni na mkopo wa pembejeo, nami sitamnyooshea kidole. Ila daftari lake limeacha mstari mmoja wazi. Ameandika mbegu, dawa, mbolea, vibarua, mipira. Maji hayamo, kwa sababu hakuyanunua. Ekari moja ya nyanya kwenye jua kali huweza kunywa lita 20,000 kwa siku. Kina kikishuka, atalipa kuchimba zaidi na kununua pampu yenye nguvu. Jirani mwenye kisima kifupi atalipa kwa kukaukiwa, ilhali hakuuza hata tenga moja. Na pale maji yalipo ya chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dodoma, jua hunyonya maji na kuiacha chumvi. Nimeigusa kwenye tuta: ukoko mweupe unaovunjika kama ganda la yai, na miche pembeni yake imeungua ncha.

Kinachonitia hofu zaidi ni pampu ya sola, ingawa naipenda. Ya petroli mafuta yenyewe yaliizuia: yakipanda bei, mtu anazima. Ya sola, jua likichomoza maji yanatoka, hata matuta yakiwa yameshalowa. Kibali cha bodi ya maji ya bonde kipo kisheria, na ni haki kifuatwe. Lakini hakuna afisa atakayesimama kila bustani saa sita mchana. Wanaochota ndio wanaoweza kukubaliana nani anamwagilia lini, matandazo ya nyasi yawekwe wapi, na ekari ngapi zinatosha mwaka huu.

Watakubaliana vipi bila kujua kilichobaki? Juzi niliketi na mzee mmoja mwenye bustani ya mchicha. "Mbukwa, babu," nikamwamkia, nikamuuliza maji yako wapi. Akaleta kamba ya katani, akafunga jiwe, akaishusha kisimani hadi likalia chubwi. Akaivuta akiihesabu kwa mikono iliyonyooshwa: pima sita na nusu. Palipokuwa na fundo la mwaka jana, pima tano kutoka kwenye jiwe, alipashika kwa kidole gumba, akanyamaza. Kisha akafunga fundo jipya na kumwita jirani yake aje na kamba yake.