Ilhamu na Alama ya Dole Gumba

Kuumba pasipo kitu ni sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake. Mja hana ila kukiunganisha kilichokwisha kuumbwa na kukipa sura ambayo hakikuwa nayo. Basi fundi wa mavazi anayekusudia kutoa mitindo yake mwenyewe, naye kwanza akazitazama kazi za wabunifu mashuhuri ili apate ilhamu, hana haja ya kuona haya, maana hata hao walitazama wengine. Taabu ni kujua mahali ambapo kutazama kunageuka wizi.

Mahali hapo nimepatafuta katika habari za Madeleine Vionnet, bibi wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1876, akafungua nyumba yake ya ushonaji mjini Paris mwaka 1912. Alichukizwa mno na waigaji. Kwa hiyo mavazi yake aliyapiga picha mbele, ubavuni na nyuma, akaziweka picha katika madaftari ziwe ushahidi, na juu ya kijitambaa cha jina kilichoshonwa ndani ya vazi akatia alama ya dole gumba lake, kama atiavyo juu ya hati ya shamba mtu asiyejua kuandika.

Na bibi huyu huyu, aliyekilinda chake kwa bidii hiyo, alikuwa mwanafunzi wa Wayunani wa kale, ambao mavazi yao yamechorwa juu ya vyombo vya udongo, na wa Wajapani, ambao kimono zao hukatwa kwa mistari iliyonyoka. Je, alikuwa mnafiki? Hasha! Kwa Wayunani hakuchukua vazi, alichukua swali: nguo iliyoachwa itundikwe na mabega, isibanwe popote, huanguka namna gani? Akaketi na sanamu ndogo ya mti, akiizungushia kitambaa na kukifungua tena, akakitega mshazari, hata nyuzi za mtande na za mshindio zikawa hazikusimama wala hazikulala, bali zikavutika kwa uzito wao wenyewe na kuufuata mwili wa mvaaji bila ya koseti. Lau Myunani angalifufuka, asingalidai kuwa vazi lile ni lake.

Mwenye kutwaa ukosi wa huyu, mikono ya yule na rangi za wa tatu, akavishona pamoja, amechukua sura akaiacha ilimu, na alichokitwaa ni mali ya watu hata kama hapana kadhi wa kumhukumu. Bali mwenye kuuliza kwa nini mshono umepita pale, akafumua, akakosea, akarudia, hata jibu lake likaachana na la mwalimu wake, huyo amerithi kwa halali, na lililobaki juu yake ni deni la kumtaja aliyemfunza. Leso za mwambao wetu jina lake ni la Kireno, wala hapana amwambiaye mama wa Mombasa kuwa amejifunga vazi la Wareno, kwa sababu pindo, mji na maneno yake yametoka kwetu.

Vionnet alifunga nyumba yake mwaka 1939. Mwaka 1952 alitoa nguo 122 na madaftari 75 ya picha zile zile za ushahidi, akaikabidhi jumuiya ya Kifaransa iliyohifadhi sanaa ya mavazi, na mafundi ambao hakupata kuwajua wamezisoma.