Kujua Neno na Kujua Kitu

Mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza hukuta masomo kama fizikia na biolojia yamehamia Kiingereza. Tangu hapo msamiati hugeuka kipimo cha akili. Anayetamka maneno marefu huitwa msomi, na anayeeleza jambo lile lile kwa maneno ya kila siku huonekana hajaiva. Wengi huingia chuo kikuu, na hata kazini, wakiendelea kukusanya maneno magumu kwa imani kwamba kila neno jipya ni elimu mpya. Imani hiyo inagusa swali la kale la falsafa: je, aliyekwisha kulijua neno amekijua kitu? Ninashikilia kwamba bado. Neno gumu huwa elimu pale mwenye nalo anapoweza kumfikisha asiye nalo kwenye kile kinachotajwa, na kulisahau jambo hili ni kosa la fikra na tena ni dhuluma kwa wengine.

Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika mwaka 389 hivi mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus kuhusu swali hili. Hoja yake ni kwamba neno ni ishara, na ishara haimfundishi mtu ambaye hajakutana na kinachoashiriwa. Akilisikia neno la kitu asichokijua hupata sauti tu. Akishakijua kitu, ndipo sauti ile inapopata maana. Historia ya sayansi inamuunga mkono. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake, Jan Baptista van Helmont alieleza jinsi alivyopanda mti katika udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5, akakuta mti umeongezeka uzito sana ilhali udongo haukupungua ila kidogo mno. Akahitimisha kwamba uzito wote umetokana na maji. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba majani ya kijani husafisha hewa yanapopata mwanga, na watafiti wengine wakaifuatilia kazi ya kabonidayoksaidi. Neno ‘photosynthesis’, jina la kazi hiyo ya majani, lilikuja katika muongo wa 1890, zaidi ya karne nzima baada ya Ingenhousz. Waliokitafuta kitu na kukifikia hawakuwa nalo. Leo mwanafunzi analo, na huenda anaandika mlinganyo wake bila kosa, lakini ukimuuliza ubao wa mwembe umetoka wapi, mara nyingi atajibu kwamba umetoka ardhini. Hajatambua kwamba sehemu kubwa ya ubao ule mkavu imetokana na hewa. Neno limekaa mahali ambapo swali lilipaswa kukaa.

Kiingereza chenyewe kinatuonya tusichanganye ugumu na kina. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, Kilatini kikabaki lugha ya kanisa na usomi, na Kiingereza kikaachiwa watu wa chini. Maelfu ya maneno tunayoyaita ya kiwango cha juu yaliingia kwa njia hiyo, na mengi mengine wasomi waliyachota katika Kilatini na Kigiriki karne zilizofuata. Ugumu wake, basi, ulikuwa alama ya nani ana madaraka na nani amepata nafasi ya kusoma, kabla ya kuwa alama ya nani amefikiri zaidi. Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba kesi zinenwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walikuwa wakishtakiwa na kuhukumiwa kwa Kifaransa wasichokielewa. Mwaka 1604 Robert Cawdrey alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, chenye maneno 2,500 hivi, yote magumu, ili kuwasaidia wasomaji wa kawaida kuyaelewa yale wanayokutana nayo katika maandiko na mahubiri. Waingereza nao walihitaji kufafanuliwa lugha yao wenyewe. Tanzania ilipobadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama, ilikuwa inaikabili dhuluma ya namna ile ile: hatima ya mtu kuamuliwa kwa maneno yasiyomfikia.

Kuna pingamizi lenye uzito. Wapo wasemao kwamba bila istilahi hakuna fikra pevu. Daktari, mhandisi na mwanasheria hawawezi kurudia maelezo ya kurasa mbili kila wanapotaka kutaja jambo moja. Neno moja huyabeba yote na kuwaruhusu waendelee mbele. Tena mengi tunayajua kwa maneno tu, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuiona elektroni kwa macho. Ninakubali kwamba istilahi ni nyenzo kubwa ya kufikiri. Lakini inayabeba maelezo kwa yule aliyekwisha kuyapitia; kwa asiyeyapitia haibebi kitu. Elektroni nayo, ingawa haionekani, imefungamana na mambo tunayoweza kuyafikia: mkondo wa umeme, jaribio la maabara, hesabu inayotabiri kitakachotokea. Anayeweza kuifuata njia hiyo anaijua elektroni, na asiyeweza analo jina lake tu. Vivyo hivyo, mwanasheria anayeielewa tofauti kati ya ‘murder’, kuua kwa kukusudia, na ‘manslaughter’, kuua bila kukusudia, ataweza kumwambia mama wa mshtakiwa kwamba mahakama itachunguza dhamira aliyokuwa nayo mwanawe wakati wa tendo, na kwamba uhai wake unategemea jibu la swali hilo. Akishindwa kulisema hilo kwa lugha ya mama yule, tuna haki ya kushuku kama yeye mwenyewe amelielewa.

Pingamizi la pili linatoka katika maisha. Mtoto wa mkulima wa Songea au Kitui anayahitaji maneno hayo ili afaulu mtihani, apate ufadhili na asikilizwe kwenye usaili. Kumwambia ayadharau ni ushauri rahisi kwa aliyekwisha kuvuka. Ni kweli kabisa, na simwambii ayadharau. Ninamwambia adai haki yake yote, yaani neno pamoja na kitu chake. Hata watungaji wa mitihani wamelazimika kulitazama upya jambo hili. Mtihani wa SAT wa kuingilia vyuo vikuu vya Marekani, uliowafanya vijana kwa miaka mingi wakariri orodha za maneno adimu, ulibadilishwa mwaka 2016 ili upime maneno yanayotumika sana, tena ndani ya aya, ambapo maana hutegemea muktadha. Anayejifunza kwa kusoma habari nzima, akajiuliza neno linatenga nini na nini, kisha akamweleza mdogo wake kwa Kiswahili, atapata maneno machache kuliko mkariri. Hayo machache yatabaki baada ya mtihani, na atayatumia kufikiri.

Hapa swali la elimu linakuwa swali la imani. Katika Sura ya Al-Baqara ya Kurani, Adamu anafundishwa majina ya vitu vyote, kisha anaamriwa awaambie malaika majina hayo. Elimu aliyopewa inadhihirika pale anapoitoa. Mtume Paulo naye, katika Biblia, alipowaandikia Wakorintho kuhusu kunena kwa lugha, aliyapa maneno machache yanayoeleweka heshima kubwa kuliko maelfu yasiyomfunza msikilizaji. Mafundisho haya mawili yanakutana katika jambo moja: neno ni amana. Kijiji kilichochanga ili kijana wake asome kilimtuma akalete maarifa, na kina haki ya kuyadai. Akirudi na msamiati unaowanyamazisha wazee na kuwafanya waone aibu kuuliza, amewanyima kile walicholipia. Kwa hiyo mwalimu asitoe alama kwa neno kabla ya kuuliza kitu, na sisi wasikilizaji tusitoe heshima ya usomi kwa hotuba ambayo hatukuelewa. Tukiendelea kuitoa, tutakuwa tumewalipa wasomi wetu wasitufundishe.