Baba Mgonjwa na Amri ya Nne

Wapenzi wakatekumeni, amri ya nne mmekwisha kuijua kwa moyo: tuwaheshimu baba na mama. Mtoto mdogo huielewa upesi, maana baba yake ana nguvu kuliko yeye. Lakini siku zaja ambapo nguvu zinahama. Baba hawezi tena kufunga kifungo cha shati lake, na mwana ndiye mwenye nguvu. Je, kumheshimu mzazi wa namna hiyo ni kufanya nini hasa?

Tutwae ugonjwa mmoja, ule uitwao Parkinson kwa jina la mganga wa London aliyeueleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo itengenezayo kitu kiitwacho dopamini, ambacho huusaidia mwili kututii tunapotaka kutembea au kushika. Sehemu hiyo hufa polepole, mwaka kwa mwaka. Basi mkono hutetemeka hata ukiwa umepumzika, hatua huwa fupi, viungo hukakamaa, sauti hufifia. Ugonjwa huu hauambukizi. Mwaweza kula naye sahani moja bila hofu.

Kijijini watu wana maneno mengine. Kikombe kikimwagika, husema mzee amelewa. Au husema amelogwa, kisha wanamtafuta mchawi, na mara nyingi wanamwona katika mjane maskini asiye na mtu wa kumtetea. Mbuzi wa nyumba wanakwenda kwa mfumu, ndugu wanaachana, na mkono wa baba ungali unatetemeka. Mwana anayekubali maneno hayo hamtetei baba yake hata kidogo, tena amemshuhudia jirani uongo.

Jambo gumu kuliko yote, nionavyo mimi, ni uso. Ugonjwa huu hukakamaza hata nyama za uso, hata baba asiweze kucheka. Watoto wanadhani amekasirika, au hawapendi tena, wakaanza kumkimbia. Sivyo. Aweza kuwa anafurahi moyoni, ila uso hauwezi kuitangaza furaha ile. Imempasa mwana kusadiki pendo asiloliona. Ninyi mnaojifunza kumsadiki Mungu asiyeonekana, mtashindwa nyumbani kwenu?

Mwingine atajibu: «Mimi nampa bugali na sombe, nampa na nguo, amri nimeitimiza.» Chakula ni lazima, sikatai. Lakini hata mbuzi hulishwa. Likija shauri la mahari au la shamba, baba aulizwe, na watu wangoje jibu lake hata likikawia, wala wasimnyang'anye maneno kinywani. Akiweza kufunga kifungo mwenyewe, aachwe afunge, hata kengele ya Misa ikilia. Na kama akili nayo itapungua, kama inavyowapata wengine, Mwana wa Sira alikwisha kufundisha kwamba hiyo si sababu ya kumdharau.

Papa Yohane Paulo wa Pili, yule aliyemtangaza Anwarite kuwa Mwenye Heri kule Kinshasa mwaka 1985, alikuwa na ugonjwa huohuo. Siku ya Pasaka ya mwaka 2005 alitokea dirishani, akajaribu kusema, sauti ikakataa. Aliwabariki watu kwa mkono tu. Alikuwa Baba Mtakatifu vilevile, mpaka alipokufa siku chache baadaye.

Tena, mkatekumeni asijifiche nyuma ya sala. Yezu aliwakaripia Wafarisayo walioachilia watu waseme mali yao ni sadaka ya Mungu, wasiwasaidie wazazi wao. Zamu yako ya kumtunza baba ikifika saa ya mafundisho, mtume mtu amwarifu mkatekista, nawe ubaki.

Nimesema zamu, kwani mara nyingi kazi yote humwangukia binti mmoja, au mke wa mwana, na wengine huja kumsalimu mgonjwa na kutoa mashauri. Hiyo si haki. Anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa kitandani huchoka, na kuchoka si dhambi. Walio mjini watume fedha ya dawa. Iko dawa iitwayo levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Haiponyi, lakini humrudishia mgonjwa sehemu ya mwendo wake. Anywe kwa saa zilizopangwa na mganga, wala isikatwe ghafula. Akila, aketi wima, tonge liwe dogo, maana kumeza nako huwa kugumu.

Na kama baba huyo hajabatizwa, naye anatamani, mwambieni mkatekista mapema, wakati sauti yake ingali inasikika, apate kuyajibu maswali ya ubatizo kwa kinywa chake mwenyewe.